Muulize Mzee wa Mashine: Makachero, Giza na Mitaro ya Los Angeles

Toleo lililopita niliwaomba mtazame He Walked by Night, filamu ya Marekani ya mwaka 1948 kuhusu polisi wa Los Angeles wanaomsaka kijana mmoja aliyemuua askari. Ni filamu ya bei nafuu, ya dakika 79, nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa na kampuni isiyokuwa na fedha. Barua zimemiminika. Nyingine zinasifu, nyingine zinanitukana kwa adabu. Waliouliza kwa nini sikuchagua filamu yenye rangi wasubiri, leo nina kazi na hawa wengine.

Shikamoo Mzee wa Mashine. Nimeitazama usiku, taa zote nimezima, na bado kuna sehemu sioni kitu. Nakala yangu ni mbovu, au waliipiga hivyo? — Mwanafunzi

Marahaba, mwanangu. Yote mawili, na tuanze na nakala kwa sababu ndilo jambo jepesi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ilipata hakimiliki ya miaka 28, na mwenye nayo alitakiwa aombe iongezwe kabla muda haujakwisha. Kampuni ya Eagle-Lion iliyoitoa hii ilimezwa na United Artists mwaka 1951, na hakimiliki yake haikuongezwa. Ikawa mali ya kila mtu. Ndiyo maana unaikuta bure kila kona ya intaneti, na ndiyo maana nyingi kati ya hizo za bure ni nakala ya nakala ya nakala: weusi umegeuka kijivu, na nyuso zimekuwa kama zimepakwa unga. Tafuta iliyosafishwa upya. Zipo.

Lakini hata kwenye nakala safi giza utalikuta, maana limewekwa kwa makusudi. Mpiga picha wake ni John Alton, mzaliwa wa Sopron, Hungary, mwaka 1901, aliyefanya kazi Argentina kabla ya kutulia Hollywood. Wapiga picha wa studio kubwa walikuwa wamelelewa kuwasha: taa ya usoni, taa ya kulainisha vivuli, taa ya nyuma ya kichwa, taa ya ukutani, na ya ziada kwa nywele za mwigizaji wa kike. Kila taa inataka fundi, waya na muda. Alton alizipunguza mpaka mara nyingine akabaki na moja au mbili, na hakuona tabu kuiweka taa sakafuni, impige mtu kutoka chini. Wenye fedha walimpenda kwa sababu mbili. Alikuwa mwepesi, na ukuta usioonekana hauhitaji kupakwa rangi.

Rudi kwenye sehemu ambayo Roy, huyo muuaji anayeigizwa na Richard Basehart, anajitoa risasi mwenyewe. Amepigwa ubavuni, hospitali hawezi kwenda, anachemsha vyombo vyake na kukaa. Mwongozaji wa fedha nyingi angekuonyesha damu, au angemtafutia daktari mlevi wa kumsaidia. Hapa kidonda hukioni. Kamera inabaki usoni, taa imembana, na nyuma yake chumba kimemezwa. Unasoma kazi ya mikono kwenye shingo na taya zake. Koleo linapogusa risasi unajua, ingawa hakuna aliyekuambia. Mbwa wake yupo pale anamtazama. Nimeona watu wazima wakigeuza uso, na nilipowauliza wameona nini wakashindwa kusema.

Ila nikwambie siri ya sisi wa mashine. Filamu za Alton zilikuwa adhabu kwetu. Nilipokuwa naendesha projekta ya milimita 16, hii ilikaa kwenye riili mbili, na mlango mmoja ukifunguliwa kidogo tu nyuma ya ukumbi basi nusu ya picha imekwenda. Taa ya projekta ikichoka, watu wanapiga kelele mashine imeharibika, kumbe mashine ni nzima, ni Alton tu. Kwa hiyo ukitazama kwenye simu, ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, na usikae karibu na dirisha.

Mwanzoni wanaandika kuwa ni kisa cha kweli, majina tu ndiyo yamebadilishwa ili kuwalinda wasio na hatia. Kweli kiasi gani? Mimi nimeshachoka na “kisa cha kweli”. — Mama Asiyedanganyika

Mama, mwanzoni ni kweli kuliko ulivyodhani, na mwishoni ni uongo mtupu.

Kulikuwa na mtu anaitwa Erwin Walker. Kabla ya vita alifanya kazi ya redio katika polisi wa Glendale, mji ulio jirani kabisa na Los Angeles. Akaenda vitani Pasifiki akiwa ofisa wa jeshi, akarudi, na kuanzia 1945 akawa anavunja maduka na maghala, akipenda zaidi vifaa vya kielektroniki. Mwaka 1946 alirushiana risasi na makachero waliomtegea alipokuja kwenye biashara ya vifaa vya wizi, na baadaye mwaka huohuo akamuua askari wa doria ya barabara kuu. Alikamatwa Desemba 1946 nyumbani alikokuwa amepanga. Vifaa, redio, mtego, mtu anayejua namna polisi wanavyofikiri kwa sababu alikaa nao: vyote hivyo vimeingia kwenye filamu.

Sasa angalia kilichoachwa. Roy wa kwenye filamu hana sababu. Ana akili, ana mbwa, ana bunduki, basi. Walker wa kweli aliwaeleza wapelelezi kwamba alihitaji fedha za kutengeneza chombo cha kielektroniki ambacho kingefanya vita visiwezekane tena. Mtu ametoka vitani, kichwa kimevurugika, anaiba na kuua ili eti akomeshe vita. Hicho ndicho kisa, na karibu chote kimeachwa nje ya filamu. Kimebaki kidogo: mwanzoni kabisa, askari anayerudi nyumbani anamsimamisha Roy barabarani na kumdai kitambulisho, na Roy anauliza kama cheti cha kuachishwa jeshi kitatosha. Anaingiza mkono kwenye koti na anatoa bastola. Ukipiga chafya hapo umeikosa. Mwaka 1948 Marekani ilikuwa imejaa wanaume wenye vyeti vile mifukoni, na sidhani kama mtayarishaji yeyote alitaka waondoke ukumbini wakitazamana vibaya.

Mwisho ndio uongo wenyewe. Roy anakufa kwenye mtaro wa chini ya ardhi. Walker hakufa. Alihukumiwa kifo, na filamu hii ilipokuwa inaonyeshwa mara ya kwanza alikuwa bado hai, mfungwa. Hukumu haikutekelezwa, baadaye ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na miaka ya 1970 akaachiliwa. Lakini Hollywood ya wakati ule ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizosimamiwa kwa mkono wa chuma tangu 1934, na kanuni hizo hazikuruhusu mwizi wala muuaji ashinde. Kumwacha Roy hai akisubiri rufaa kungemaanisha hadithi haijaisha, na hadithi ya namna ile ilitakiwa iishe. Aliyesimamia kanuni hizo aliitwa Joseph Breen. Kapteni wa polisi kwenye filamu anaitwa Breen. Sina la kuongeza, nacheka peke yangu tu.

Mzee, ile sehemu ya kutengeneza sura ya mshukiwa ukutani ni ya kweli au waliibuni? Nimeirudia mara nyingi. — Fundi Picha

Ndugu yangu, hapo umenigusa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, kuliko hata mitaroni, na wanaonipinga waandike barua zao.

Kwa ambao hawajaiona: polisi hawana jina wala picha ya Roy. Wana watu aliowaibia tu, na kila mmoja ana kumbukumbu yake. Mtaalamu wa maabara, Lee, anawakusanya kwenye chumba chenye giza, anawasha projekta ya slaidi, anaanza kuwaonyesha vipande: umbo la kichwa, nywele, macho, pua, mdomo, kidevu. Wanabishana. Mmoja anasema pua ilikuwa nyembamba, mwingine anakataa. Kipande kinaondolewa, kingine kinawekwa. Polepole ukutani anatokea mtu ambaye sisi watazamaji tunamjua tangu dakika ya kwanza, lakini wao ndio kwanza wanamwona. Halafu analetwa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua vifaa vya Roy bila kujua ni vya wizi, anatazama ukutani, na anamtambua.

Hakuna bastola, hakuna anayekimbia. Ni raia kadhaa kwenye viti wakigombania pua. Mwongozaji yeyote mwenye fedha angeogopa kuwa watu watasinzia, na angekata haraka. Hapa wamekaa nayo, kwa sababu chumba kimoja chenye giza na projekta ni kitu walichoweza kukimudu, na wakagundua kwamba watu wanapenda kutazama kazi ikifanyika. Filamu nzima iko hivyo: risasi zinalinganishwa chini ya hadubini, kachero anazunguka kituo baada ya kituo na picha mkononi, mtu wa kadi anapekua kadi. Mkono ukiwa kazini unavutia kuliko uso unaotoa hotuba.

Kuhusu ukweli: kuchora sura kwa maneno ya mashahidi ni kazi ya zamani ya polisi. Ile ya kupanga vipande vya uso vilivyoandaliwa tayari ilikuja kuuzwa kwa polisi kama seti kamili mwaka 1959, kwa jina la Identi-Kit, na ilitoka hukohuko kusini mwa California. Filamu iliwahi miaka zaidi ya kumi. Tahadhari moja tu. Wataalamu wa kumbukumbu wamekuja kuonyesha kwamba binadamu hukumbuka uso mzima zaidi ya anavyokumbuka pua peke yake na kidevu peke yake, kwa hiyo sura zinazotengenezwa kwa vipande mara nyingi hazifanani sana na mhusika. Kwenye filamu inafanana mno. Hapo wamejipendelea.

Nani hasa aliiongoza? Kwenye filamu jina ni moja, kwenye mtandao mawili. — D.

Jina lililoandikwa ni Alfred Werker. Sehemu kubwa, hasa ya mitaroni, inajulikana kuwa ni ya Anthony Mann, ambaye hakuandikwa. Mann na Alton walikuwa wametoka kutengeneza pamoja filamu nyingine za uhalifu kwa kampuni hiyohiyo, na ukiziweka sambamba huhitaji kuambiwa. Chumbani kwa kapteni kamera imesimama wima kama karani. Ikishuka mtaroni inakuwa mnyama mwingine.

Ndugu mwandishi, unasema “bei nafuu” kama vile ni sifa. Umaskini una sifa gani? Na hizo kampuni ndogo zilikuwa zinaishi vipi mbele ya wakubwa? — Mhasibu

Umaskini hauna sifa, mhasibu, na sijawahi kukutana na mwongozaji aliyeuomba. Ila hesabu zake ndizo zilizofanya filamu hizi ziwe kama zilivyo, na wewe hesabu unazipenda, basi tuhesabu.

Kwenye kumbi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 tiketi moja ilikupa filamu mbili. Ile kubwa, yenye nyota, mwenye ukumbi aliilipia asilimia ya mapato ya mlangoni. Ile ndogo aliikodi kwa bei maalumu, wajae watu wasijae. Maana yake mtayarishaji wa filamu ndogo alijua mapema takriban ataingiza kiasi gani. Hakuna bahati nasibu. Ukijua utaingiza kiasi fulani, faida yako yote iko kwenye kutotumia. Siku za kupiga zinakatwa, seti ya filamu ya jana inatumika leo, waigizaji ni wale ambao bado hawajawa na jina au ambao jina limewatoka.

Eagle-Lion ilikuwa inajaribu kutoka kwenye shimo hilo. Ilianza 1946, fedha za tajiri wa reli wa Marekani upande mmoja na mkono wa J. Arthur Rank, tajiri wa filamu wa Uingereza, upande mwingine, na ilirithi majengo ya kampuni iliyokuwa ya chini kabisa pale Hollywood. Haikuwa na kumbi zake, wakati wakubwa walikuwa nazo kila mji. Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Paramount, mmoja wa hao wakubwa, na wakubwa wakaanza kulazimika kuachana na kumbi zao. Ungedhani wadogo wangenufaika. Kumbe wakubwa walipoacha kuwa na uhakika wa kumbi walipunguza filamu, runinga ikaingia majumbani, na utaratibu wenyewe wa filamu mbili kwa tiketi moja ukaanza kufa. Eagle-Lion iliondoka mapema.

Sasa itazame tena kwa jicho la mhasibu. Kuna sauti ya msimulizi, Reed Hadley, nzito kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Unaweza kuichukia, wengi wanaichukia. Lakini sentensi moja ya msimulizi inagharimu bei ya kumlipa mtu mmoja asubuhi moja kwenye kipaza sauti, na inakutoa katikati ya jiji hadi pembeni, inapitisha wiki za upelelezi, inakwambia mashahidi wangapi wamehojiwa bila mwigizaji hata mmoja kufungua mdomo. Kuna mitaa halisi ya Los Angeles, na jumba refu jeupe la City Hall, ofisi za jiji, ambamo makao makuu ya polisi yalikuwa siku hizo. Barabara imeshajengwa na jiji, fundi seremala hulipi. Halafu lile giza. Ukijumlisha unapata filamu inayofanana na taarifa ya kweli, na hapo ndipo ilipowashinda wenye fedha, ambao Los Angeles yao ilikuwa ya mbao na rangi.

Kule kukimbizana chini ya ardhi si wameiibia ile filamu ya Vienna, The Third Man? — Mpenzi wa Orson Welles

Hapana. Hii ilianza kuonyeshwa Los Angeles Novemba 1948. Ile ya Vienna ilifika kwenye kumbi za London Septemba 1949. Wala wa Vienna hawakumwibia huyu, walikuwa wanapiga picha zao wakati hii inatoka. Na kama ni wizi, wote wawili wangeshtakiwa na Victor Hugo, ambaye alimpitisha mtu kwenye mitaro ya Paris mwaka 1862.

Tofauti ni kwamba wa Vienna wako kwenye mitaro ya maji machafu, na wa Los Angeles wako kwenye mitaro ya mvua. Jiji lile halina mvua sehemu kubwa ya mwaka, lakini ikinyesha milima inashusha mafuriko. Baada ya mafuriko ya 1938 wahandisi wa jeshi waliuvalisha mto saruji na mitaro mikubwa ikaendelea kujengwa kuuelekea. Kwa hiyo chini ya mitaa kuna njia ndefu za duara, kavu au zenye maji ya vifundoni, mtu anakimbia wima. Roy anazijua zote. Humo ndimo anamoficha silaha na humo ndimo anamotoroka, wakati askari wanazunguka juu na ving'ora.

Mwisho wake umejengwa kwa kitu kidogo kabisa. Polisi wameshuka, tochi zinatambaa kwenye kuta, mwangwi wa viatu unatoka pande zote. Roy anapanda ngazi ya chuma hadi kwenye mfuniko, anausukuma kwa bega. Haufunguki. Kamera inatuonyesha juu: gurudumu la gari la polisi limesimama juu ya mfuniko. Hakuna aliyelipanga hapo, dereva ameegesha tu. Halafu mabomu ya machozi, halafu risasi, imekwisha. Akili yote ile, redio zote zile, na kilichomkwamisha ni maegesho.

Nimeitazama na mume wangu tukaishia kugombana. Yeye anasema ni filamu nzuri ya upelelezi, mimi nasema ni tangazo la jeshi la polisi. Kachero Brennan hana ladha, na ile misako ya mwanzoni imenikera. Amua. — Wakili wa Nyumbani

Dada, kuamua kati ya mke na mume sijakuwa mzee kiasi hicho. Ila kuhusu misako nakuunga mkono bila kusita.

Baada ya askari kupigwa risasi, polisi wanafunga mtaa mzima na kuzoa. Yeyote anayetembea, yeyote anayekaa kwenye baa, yeyote mwenye sura isiyompendeza askari, anapakiwa. Wanapangwa, wanahojiwa, wanasukumwa. Msimulizi anayasema haya kwa fahari kabisa, kama ushahidi wa bidii. Hakuna wakili hata wa dawa, na hakuna anayesomewa haki zake. Kesi ya Miranda, iliyowalazimisha polisi wa Marekani kumwambia mtu ana haki ya kunyamaza na kuwa na wakili, iliamuliwa 1966. Kwa hiyo unachokitazama ni utaratibu wa kawaida wa 1948 ukionyeshwa na watu ambao hawakuwa na shaka nao. Kwangu hilo linaifanya filamu iwe na thamani zaidi ya waliyokusudia. Wangekuwa na aibu, wangeficha, na leo tusingeona.

Ni tangazo? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Kampuni maskini inapopewa msaada na polisi haiwezi kuwarudishia kwa kuwatukana. Filamu za polisi za miaka hiyo zilijaa makachero safi, wasiolala, wasiopokea kitu mkononi. Lakini angalia kamera inampenda nani. Brennan anaigizwa na Scott Brady, kijana mwenye mabega, kaka yake ni Lawrence Tierney aliyekuwa akiigiza majambazi. Brennan ana suti, ana hasira kwa sababu mwenzake amepooza kwa risasi ya Roy, na zaidi ya hapo sijui hata anapenda chakula gani. Roy tunamjua chumba chake, mbwa wake, pumzi yake. Maneno ni ya polisi, picha ni za muuaji. Mwambie mumeo hilo, labda mtagombana upya.

Yule kijana wa maabara, Lee, nimemwona wapi? — Macho Makali

Ni Jack Webb. Alikuwa na miaka 28, na sehemu yake ni ndogo tu. Lakini kwenye kazi hiyo alikutana na Marty Wynn, sajini wa polisi ya Los Angeles aliyekuwa mshauri wa filamu, na mazungumzo yao yakazaa wazo la kipindi cha redio kuhusu polisi kama kazi ya kila siku, bila mbwembwe. Kipindi hicho, Dragnet, kilianza kwenye redio ya NBC Juni 1949, kikaingia kwenye runinga mwishoni mwa 1951, Webb akiwa ndiye Sajini Joe Friday. Lile tangazo la majina kubadilishwa ili kuwalinda wasio na hatia, ambalo Mama Asiyedanganyika amelichoka, alikwenda nalo. Kila kipindi cha polisi ulichowahi kukiona ambamo watu wawili wenye suti wanagonga milango na kuuliza maswali makavu kina deni kwa huyu kijana wa slaidi.

Umetumaliza. Inayofuata ni ipi? — Wengi wenu

The Narrow Margin, ya 1952, ya studio ya RKO, mwongozaji Richard Fleischer. Kachero mmoja anamsindikiza mjane wa jambazi kwa treni kutoka Chicago hadi Los Angeles akatoe ushahidi, na ndani ya treni kuna waliolipwa kumwua. Bajeti yake ilikuwa chini ya robo milioni ya dola, wakaimaliza kwa takriban wiki mbili. Treni yenyewe haikuyumba, ilikuwa seti iliyofungwa sakafuni. Walichoyumbisha ni kamera. Muziki wa filamu hakuna, ni magurudumu na honi, na kuna mahali ambapo sauti ya mtu anayepiga msasa kucha inageuka kuwa sauti ya reli. Mtazameni Charles McGraw, ambaye sauti yake ni kama kokoto kwenye debe, na msimwamini mtu yeyote kwenye lile behewa, hata mtoto.

Toleo lijalo sitajibu swali la asiyeitazama mpaka mwisho. Nitajua.